Zuhura au Thurea: majina mawili ya angani kwa binti mmoja

Mzazi wa Nairobi anayesaka jina la Kiswahili la binti, na ambaye amechoka kusikia Neema, Zawadi, Imani na Malaika wakiitikia wawili wawili darasani, mwishowe huinua macho juu. Huko angani kuna majina mawili ambayo Pwani hayamshangazi mtu, lakini katika darasa la chekechea la Kasarani au Buruburu huenda mtoto akawa nalo peke yake: Zuhura na Thurea.

Yanafanana hadi yanachanganya. Kila moja lina herufi sita na silabi tatu. Yote mawili yalitoka Kiarabu, yakakaa katika Kiswahili hadi kamusi zikayapokea, na yote ni majina ya vitu ving'aavyo usiku. Ndipo baba na mama hukwama, wakipima maana kwa maana. Maana haitawatoa hapo, kwa sababu zote mbili ni nzuri. Kinachotenganisha majina haya ni vinywa vya watu wasio wa nyumba yako, namna jina linavyokatwa likawa fupi, na kalamu ya karani aliyechoka. Kwa vipimo hivyo, nyumba nyingi za Nairobi zitafaa zaidi na Zuhura. Zipo ambazo Thurea ndilo lao, nazo tutazitaja.

Kilicho nyuma ya jina

Zuhura ni sayari ya pili kutoka kwenye jua, na kwa ukubwa inakaribiana sana na dunia: kipenyo chake ni kilomita 12,104, cha dunia penye ikweta ni kilomita 12,756. Ukiondoa jua na mwezi, ndiyo inayong'aa kuliko nyota na sayari zote angani. Mzizi wake wa Kiarabu, z-h-r, ni wa kung'aa na kuchanua, na ndio uliotoa Zahra. Kwa hiyo jirani akikwambia kwamba Zuhura ni ua, hajakosea sana. Ameshika tawi la pili la mti ule ule.

Tabia ya sayari hii ni ya kuvutia kwa mtoto. Huonekana magharibi jioni kwa miezi kadhaa, ikafichwa na mwanga wa jua kwa muda, kisha ikatokea mashariki alfajiri. Mzunguko huo wote huchukua kama siku 584. Na kwa kuwa haiachani na jua kwa zaidi ya nyuzi 47 hivi, ukiwa Nairobi huwezi kuiona katikati ya usiku. Jioni inapokawia kabisa, huwa imezama yapata saa tatu na nusu.

Thurea si nyota moja. Ni kundi, lile ambalo wakulima waliita kilimia kutokana na kitenzi kulima. Wazulu, mbali kule kusini, huliita isiLimela, na kitenzi ni hicho hicho. Kwa macho matupu utahesabu nyota sita, mwenye macho makali atapata saba. Darubini ya kawaida ya kutazamia ndege itakuonyesha makumi, na kundi zima lina zaidi ya nyota 1,000. Liko mbali kiasi cha miaka ya nuru 440 hivi. Mwanga wake unaoingia machoni mwako usiku huu uliondoka huko miaka michache kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus, Mombasa, mwaka 1593. Neno thurea lina maana ya pili pia: taa ya matawi mengi inayoning'inia darini, kama zile za misikitini na kumbini.

Juu ya hayo, Thurea lina kitu ambacho Zuhura halina: methali yake. *Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.* Si mapambo tu. Mwanzoni mwa Mei kundi hili huzama magharibi pamoja na jua, masika yakiwa bado yananyesha. Huzuka tena alfajiri mwezi wa Juni, mvua imekatika na baridi ya Nairobi imeingia. Novemba, wakati wa vuli, huchomoza jua linapotua na kukesha angani hadi asubuhi. Binti aliyezaliwa Novemba akiitwa Thurea ameitwa kwa kundi lililokuwa angani usiku kucha alipozaliwa. Aliyezaliwa katikati ya Mei akiitwa hivyo, ameitwa kwa nyota ambazo siku hiyo hakuna mtu duniani aliyeweza kuziona. Wengine hawajali. Ukijali, tazama tarehe kwanza.

Jambo dogo kabla hatujaondoka angani: kumwonyesha mtoto nyota yake. Kwenye paa la ploti pale Pipeline, katikati ya kamba za nguo, Zuhura utaiona hata taa za mtaa zikiwaka zote. Kilimia pale kitakuwa doa la ukungu, kama kitaonekana. Itabidi mtoke hadi Ngong, au vizuri zaidi mvuke Kajiado.

Mdomoni

Hapa ndipo uamuzi ulipo, kwa hiyo tusiharakishe.

Mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho: zu-HU-ra, thu-RE-a. Majina yote mawili hutii kanuni hiyo bila taabu, ingawa walimu waliozoea Kiingereza huenda wakapeleka mkazo mwanzoni. Hilo hurekebishika kwa wiki moja. Sauti ndizo hazirekebishiki.

Zuhura lina sehemu mbili dhaifu. Ya kwanza ni z. Kikuyu, Dholuo na Kikalenjin hazina sauti hiyo, na nyanya aliyekulia lugha mojawapo bila Kiswahili kingi atasema Suhura. Ya pili ni h iliyobanwa kati ya u mbili. Mtu akisema haraka huimeza, na jina likawa Zuura. Basi. Hakuna lolote kati ya hayo linaloangukia neno baya. Hata yule anayebadilishana r na l, akifika Suhula, ameangukia neno la Kiswahili lenye maana ya wepesi wa mambo. Jina likikosewa likazaa neno jema, hiyo ni bahati.

Thurea lina sehemu moja dhaifu tu, lakini ndiyo mlango wa nyumba. Th ya *thelathini* na *thamani* ni sauti ambayo Nairobi haina subira nayo. Sikiliza makanga akihesabu nauli: *selasini*. Vivyo hivyo Thurea litakuwa Surea, na kwa kuwa e na a zikifuatana mdomo hupenda kuziteleza, Surea litakuwa Suria.

Na *suria* ni neno. Ni mwanamke mtumwa aliyewekwa kinyumba na bwana wake. Halijafia kamusini: Mpwani yeyote wa makamo analijua, na mkristo anayesoma Biblia ya Kiswahili analijua pia, kwa sababu 1 Wafalme 11:3 inasema Sulemani alikuwa na wake 700 na masuria 300. Kijana wa Umoja huenda asilijue. Lakini siku msichana atakapokwenda Lamu au Mombasa na rafiki zake wa Nairobi wakamwita kwa matamshi yao, meza nzima itageuka.

Si vinywa vyote vinavyoharibu hivyo. Katika Kikuyu, th huandikwa vile vile lakini husikika kama dh, kwa hiyo nyanya wa Kiambu atasema Dhurea, nalo limekaribia *dhuria*, yaani kizazi, uzao. Zuri kabisa. Katika Dholuo, th hutamkwa ulimi ukigusa meno, na jina litabaki bila madhara. Hatari iko katikati ya jiji, kwenye Kiswahili cha haraka cha shule na stendi, mahali ambapo mtoto atatumia muda mwingi kuliko kwa nyanya.

Mtu anaweza kusema kwamba s si kosa, maana Wairani wenyewe husema Soraya na Waturuki husema Süreyya. Kweli. Soraya alikuwa malkia wa Iran kuanzia 1951 hadi 1958, na hakuna aliyemcheka kwa jina. Lakini Kiajemi hakina suria wetu. Ukilipenda jina hili kiasi cha kutoliacha, dawa ni mwisho wake: andika Thuraya, kwa *-aya*. Th ikipotea hapo utabaki na Suraya, jina linalosimama lenyewe, na suria hasikiki tena. Gharama yake ni kwamba Thuraya pia ni kampuni ya simu za setilaiti ya Falme za Kiarabu, hivyo mtu atakayemtafuta binti yako mtandaoni kwa jina hilo peke yake atakutana na antena kwanza.

Kuna na mwito wa mbali. Simama upande wa pili wa uwanja wa shule, magari yakinguruma, uite. Z husikika mbali. Jina zima hufika. Th haisafiri: atakachosikia mtoto ni "...rea!" Kwa bahati, hicho ndicho kifupi chake kizuri.

Likikatwa

Nairobi hakuna jina linalobaki zima. Wanjiru huwa Ciru, Wanjiku huwa Shiku, na jina la silabi tatu litapata la silabi moja au mbili kabla ya mtoto kutambaa. Ni bora uchague kifupi wewe mwenyewe, ukitumie kuanzia siku ya kwanza, kuliko kungoja wenzake wachague.

Kwa Zuhura, chukua Zuhu. Epuka Zuzu, hata kama linakuja mdomoni kwa urahisi na linamfaa mtoto mnene wa mashavu. Katika Kiswahili zuzu ni mjinga, mtu asiyejua mambo, na mwalimu wa Kiswahili wa darasa la nne ndiye atakayelifichua mbele ya wanafunzi 50. Kifupi cha tatu hukichagui, kitakuja chenyewe: Zuchu. Mwimbaji huyo wa Zanzibar kwa jina kamili ni Zuhura Othman Soud, na kwa sasa yeye ndiye sababu ya vijana wengi kujua kwamba Zuhura ni jina la mtu. Hilo limepunguza kazi ya kuelezea. Limepunguza pia upekee, na mzazi anayetaka jina ambalo halijasikika kabisa akubali kwamba amechelewa. Ukitaka mfano wa namna nyingine, yupo Zuhura Yunus, aliyesoma habari BBC kwa Kiswahili kabla ya kuteuliwa mwaka 2022 kuongoza mawasiliano ya Rais katika Ikulu ya Tanzania.

Kwa Thurea, chukua Rea. Usikubali Thu. Katika Kikuyu, *thũ* ni adui. Ndilo neno lililomo ndani ya Zaburi ya 23 mahali pa meza iliyoandaliwa mbele ya watesi. Hakuna bibi wa Nyeri atakayefurahi kumbeba mjukuu huku majirani wakiita "adui, njoo".

Utani wa shuleni? Kila jina lina wake. Zuhura atakapofika kwenye somo la sayari ataambiwa kwamba kwake kuna joto la nyuzi 465 na mawingu ya asidi ya salfa. Pia watamchanganya na Zohali, sayari yenye pete, kwa sababu wanafunzi huchanganya hayo mawili hata kwenye mtihani. Thurea ana utani mmoja, lakini kwa Nairobi ni mkali: Subaru ni jina la Kijapani la kundi hilo hilo la nyota, na zile nyota sita kwenye nembo ya gari ndizo hizo. Mtoto akigundua, ama atalichukia ama atajivuna nalo kila gari la aina hiyo linapopita likinguruma usiku. Tunadhani atajivuna.

Likikaa na jina la nyumbani

Wengi hulipima jina la kwanza peke yake, kana kwamba litaitwa peke yake. Kwenye cheti litafuatwa na jina la bibi au la wakati wa kuzaliwa, kisha la baba. Soma yote matatu kwa sauti.

Kwa Waluo, Zuhura linaoana na majina ya nyakati kwa namna ambayo ni vigumu kuipata kwingine. Akinyi ni wa asubuhi, Adhiambo ni wa jioni, na sayari yenyewe ni ya saa hizo mbili. Zuhura Akinyi ni nyota ya asubuhi mara mbili. Atieno, wa usiku, bado linakubalika. Awuor, wa usiku wa manane, lina kasoro ya kisayansi: saa hiyo Zuhura haipo angani Nairobi. Atakayeligundua hilo ni mtu mmoja katika elfu, lakini huenda akawa binti mwenyewe.

Kwa Waluhya, hasa Wabukusu, Thurea ndilo linalong'ara. Nafula ni wa mvua, Nasimiyu wa kiangazi, Nekesa wa mavuno, Naliaka wa palizi: yote ni majina ya kalenda ya shamba, na kilimia ndicho kalenda ya shamba. Thurea Nafula ni methali nzima katika maneno mawili. Kwa Wakikuyu vivyo hivyo, Thurea Nyambura, kwa sababu Nyambura ni wa mvua. Lakini Thurea Waithira huuchosha ulimi kwa th mbili, na Zuhura Wairimu hutiririka zaidi. Kumbuka pia kwamba kwa desturi ya Kikuyu binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba na wa pili jina la mama wa mama. Nafasi hiyo si yako kujaza; jina la angani likae mbele, na mapema mwambie bibi kwamba nafasi yake haijaguswa. Ugomvi mwingi juu ya majina yasiyo ya kawaida si wa jina lenyewe, ni wa nafasi.

Kwa Wakamba, Zuhura Mwende na Thurea Mutheu yanasikika sawa. Jaribuni wenyewe.

Kanisani na msikitini

Nairobi, mtu akisikia jina lolote kati ya haya atadhani mtoto ni Mwislamu. Kwa familia ya Kiislamu hilo si suala. Kwa Wakristo ni swali litakaloulizwa kwa miaka 18 ya kwanza, shule ya bweni ikiwemo, na jibu fupi linahitajika. Zuhura na Thurea ni majina ya Kiarabu kabla ya kuwa ya dini yoyote, na vitu vinavyotajwa vimo ndani ya Biblia.

Kilimia kimetajwa kwa jina katika Biblia ya Kiswahili: Ayubu 9:9, Ayubu 38:31 na Amosi 5:8, mara zote kama kazi ya mikono ya Mungu. Ni utetezi usio na upande wa pili. Nyota ya asubuhi ina pande mbili: Isaya 14:12 humwita "nyota ya alfajiri" yule aliyeanguka kutoka mbinguni, na katika kila ushirika hapakosi mtu anayeukumbuka mstari huo. Mjibu kwa Ufunuo 22:16, ambapo Yesu mwenyewe anajiita nyota yenye kung'aa ya asubuhi. Kwa Wakatoliki, kanuni ya 855 ya sheria za Kanisa za mwaka 1983 haidai jina la mtakatifu; inataka tu jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Padri akisitasita, ongezeni la ubatizo na msonge mbele.

Kwa Waislamu mizani hugeuka. Thurea ndilo lenye njia nyeupe: ipo hadithi katika Bukhari kwamba imani hata ingekuwa kwenye Thurea, wangekuwapo watu wa kuifikia, na baadhi ya wafasiri wa kale walisema nyota inayoapiwa mwanzoni mwa Sura An-Najm ni hiyo. Zuhura hubeba kisa cha mwanamke aliyewaponza malaika wawili, Haruti na Maruti, kisha akageuzwa kuwa sayari. Qurani, katika Al-Baqara 102, inawataja hao wawili lakini mwanamke huyo haimtaji. Mfasiri wa Qurani Ibn Kathir alikiweka kisa hicho miongoni mwa masimulizi yaliyoingia kutoka nje. Jina limeendelea kutumika Pwani na visiwani bila wasiwasi, na ni mara chache sheikh atalipinga. Mtoto aliyezaliwa Ijumaa ana sababu ya ziada: katika hesabu za kale za nyota, Ijumaa ni siku ya Zuhura, kwa hiyo ni njia nyingine ya kusema Mwajuma.

Kwenye karatasi

Zuhura huharibikia kwenye irabu. U iliyofungwa juu husomwa a, na mtoto anatoka hospitali akiwa Zuhara au Zahura. Wengine huacha u ya pili wakaandika Zuhra, wengine huongeza h mwishoni. Thurea huharibikia kila mahali: Thuria, Thurrea, Surea, Turea, Thureya. Kwa simu, anayeandika Zuhura huuliza mara moja, anayeandika Thurea huuliza "ni S ama TH?", na ukishajibu huuliza tena kuhusu mwisho. Simu yenyewe nayo, ukianza na Thur, huenda ikakurukia na Alhamisi ya Kiingereza.

Fanya hivi. Kabla ya kwenda kujifungua, andika majina yote matatu kwa herufi kubwa zilizotengana, kwenye karatasi mbili. Moja iwe na mama ndani ya mfuko wa vitu vya mtoto, nyingine na atakayemsindikiza. Usimtajie karani kwa mdomo, mpe karatasi anakili. Kabla ya kuondoka wodini soma taarifa ya kuzaliwa herufi kwa herufi, ukianzia mwisho kurudi mwanzo, kwa sababu jicho linalosoma mbele huona linachotarajia. Aliyejifungulia nyumbani apeleke karatasi hiyo hiyo kwa naibu wa chifu. Kosa lililoingia hapo hufuata hadi kwenye cheti, kutoka cheti hadi kwenye usajili wa shule na mitihani, na kutoka huko hadi kitambulisho na laini ya simu.

Wala usiharakishwe. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149, inatoa miezi 6 ya kusajili mtoto kabla usajili haujahesabiwa kuwa wa kuchelewa, unaohitaji idhini ya maandishi na malipo. Sheria hiyo hiyo humruhusu mzazi kuongeza au kubadilisha jina ndani ya miaka 2 tangu kusajiliwa, kwa kulipa ada. Muda huo ukipita, njia ni hati ya kubadilisha jina kupitia kwa wakili na tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali: pesa zaidi, na safari zaidi za ofisini. Maana yake ni kwamba ukimwita Thurea, ukaona mtaa mzima unamwita Suria kabla hajatimiza mwaka, bado unayo nafasi ya kusogeza herufi mbili.

Jaribio la watu kumi

Nyumba inapogawanyika, msibishane, pimeni. Tafuteni watu kumi wasioishi kwenu: mlinzi wa lango, mama mboga, mwenye kibanda cha M-Pesa, shangazi wa upcountry, mwalimu, dereva, kijana wa Sheng, mtu mmoja wa Pwani, mhudumu wa zahanati, mzee wa kanisa au wa msikiti. Mtajie kila mmoja jina mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, bila kumwonyesha maandishi. Mwombe alirudie, kisha aliandike alivyosikia. Siku nyingine rudieni na jina la pili, kwa watu wale wale.

Msihesabu waliopatia. Hesabuni wanaokosea kwa namna moja. Makosa matano tofauti hayana uzito, kila mtu ana lake. Watatu wakikosea sawasawa, hilo kosa ndilo jina la pili la mtoto, apende asipende. Kama kosa hilo ni Zuhra, mnaweza kuishi nalo. Kama ni Suria, mmepata jibu, isipokuwa nyumba yenu iwe ya watu wanaotamka th kwa asili, mtoto atakua Eastleigh, South C au kati ya jamaa wa Pwani, na wanaomzunguka watalirudisha jina mahali pake kila linapoanguka. Kwa nyumba hiyo Thurea ni bora kuliko Zuhura: ni adimu zaidi, lina methali yake, na kisa cha Haruti na Maruti halikiburuti.

Wengine wote waandike Zuhura, waache u zote mbili wazi juu ili zisisomwe a, na wamwite Zuhu kabla mtu mwingine hajamwita Zuzu. Na kama roho bado iko kwa zile nyota saba, ipo nafasi ya mtoto wa pili, akizaliwa Novemba.